Mikate Saba ya Alhamisi

Erkin hakuuliza njia. Walipoingia kijiji cha Kochkor aliliacha soko kulia, akakata kona penye bomba la maji, akalipita lango la buluu la mbele ya nyumba moja bila hata kulitupia jicho, kisha akazunguka nyuma na kusimamisha gari mbele ya banda la ng'ombe.

"Ndiyo hapa," alisema, akazima injini.

Jipara Satkynova hakushuka. Alikuwa mpelelezi wa kampuni ya bima huko Bishkek, mji mkuu, na kabla ya hapo alikuwa polisi. Kazi zote mbili zilikuwa zimemfundisha kumtazama anayemwongoza kabla ya kutazama anakoongozwa.

"Si ulisema hujawahi kufika hapa?"

"Sijafika, dada."

"Sasa umejuaje kama gari liko nyuma?"

Erkin alicheka. Alikuwa wakala wa kampuni hiyohiyo katika wilaya ile, kijana wa koti la ngozi na meno mazuri, na ndiye aliyemkatia bima mwenye gari. "Gari bovu kijijini linawekwa wapi, sebuleni? Umekaa mjini mpaka umesahau harufu ya samadi, dada yangu."

"Harufu naikumbuka," alisema Jipara, akafungua mlango.

Madai yenyewe yalikuwa mafupi. Taalai, dereva wa abiria kati ya Kochkor na Bishkek, alikata bima Ijumaa. Jumapili jioni, akiteremka mlimani bila abiria, akamgonga farasi. Leo ilikuwa Jumanne. Mkubwa wa Jipara alikuwa ameyasoma madai hayo huku amesimama, akasema neno moja: "Kataa." Jipara akamjibu kwamba farasi hasomi mikataba ya bima, anaweza kugongwa hata siku ya pili. Mkubwa akamwambia basi nenda ukamuulize farasi.

Taalai ndiye aliyewafungulia banda. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, macho ya mtu asiyelala. Alimpa Jipara mkono, akampa Erkin mkono, na Jipara akaona kwamba mkono wa pili ulitolewa haraka na kurudishwa haraka zaidi.

Gari lilikuwa Fit ya rangi ya fedha, kama Fit nyingine zote zinazobeba watu barabara ile. Uso wake ulikuwa umeingia ndani. Boneti imejikunja kama blanketi lililopigwa teke, rejeta imepasuka, taa ya kulia imebaki tundu, kioo cha mbele kimeingia ufa kutoka upande hadi upande. Jipara alipiga magoti kwenye majani makavu, akawasha tochi ya simu.

Alianza na taa. Katika ufa wa plastiki zilinasa nywele nyekundu, ndefu, ngumu. Alizivuta, akazipitisha kati ya vidole. Nywele za shingo ya farasi. Farasi, basi, alikuwapo.

"Wa nani?"

"Sijui, dada. Wanateremshwa kutoka malishoni msimu huu, wengine wanapotea kundini. Alianguka, akainuka, akaingia gizani. Sikumwona tena."

"Na wewe?"

"Mimi hata ukucha haukuvunjika."

Jipara akahamia kwenye chuma kilichochunika. Kilikuwa na kutu nyekundu, na aliposugua kwa kucha haikutoka yote. "Kutu hii ya juzi?"

"Mlimani theluji imeshaanza, wanamwaga chumvi barabarani," alisema Taalai. "Chuma kikichunika leo, kesho kina rangi ya chai."

Ilikuwa kweli. Jipara aliwahi kuyaangusha madai ya mtu mmoja kwa sababu ya kutu, halafu fundi wa bodi akaja kumwangusha yeye mbele ya meneja. Akaiacha kutu.

Kisha akakitazama kibao cha namba.

Bampa lilikuwa limevunjika vipande viwili, lakini kibao kilichofungwa mbele yake kilikuwa kimenyooka. Jipara alikipapasa. Katikati ya tarakimu mbili za mwisho, kidole chake kilikutana na mstari mwembamba ambapo rangi ilikuwa imepasuka. Kilikunjwa, kisha kikanyooshwa kwa nyundo.

"Umekigonga wewe?"

"Nilikinyoosha, ndiyo. Trafiki wasije wakanisumbua."

"Gari haliwezi hata kusukumwa. Trafiki watakukamatia humu, mbele ya ng'ombe?"

Erkin alicheka kwa nguvu. Taalai hakucheka.

Jipara alifungua simu yake na kuitafuta picha iliyopigwa Ijumaa, siku ya kukata bima: Fit ya rangi ya fedha, uso mzima, taa zote mbili, namba ileile. Akaivuta picha mpaka kibao kikajaa kioo cha simu. Mstari ulikuwapo. Palepale, kati ya tarakimu mbili za mwisho.

"Ijumaa gari ni zima," alisema, "na kibao kimeshakunjwa na kunyooshwa."

"Hilo hata mimi niliona nilipopiga picha," Erkin alidaka. "Alikuwa amejigonga kwenye nguzo, zamani."

"Ndiyo," alisema Taalai. "Nguzo."

"Nguzo ya nini?"

"Ya umeme," alisema Taalai.

"Ya lango," alisema Erkin.

Walisema pamoja. Ng'ombe mmoja alipumua kwa sauti. Jipara aliinuka, akajipangusa majani magotini, na hakuuliza tena. Kibao kilichokunjwa hakimfungi mtu. Wakili mwenye njaa angekimaliza kabla ya chai.

Erkin alipotoka nje kupokea simu, Taalai alisogea. "Dada, nikwambie kitu."

"Kama hakihusu farasi, usiniambie."

"Kaka zangu wawili wako Urusi. Nimebaki mimi na mama. Kilichonibakiza ni hili gari. Msiponilipa, theluji haitashika kabla sijaenda Moscow kubeba zege, na mama atabaki anazungumza na ng'ombe."

"Hayo hayamo kwenye maswali yangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia bila kuulizwa."

Jipara alizima tochi. Akasema anakwenda barabarani kutafuta mtandao wa simu.

Erkin alimfuata hadi langoni. "Dada, tukichelewa mlima utatufungia. Umeona nywele, umeona gari. Kuna nini tena?"

"Kuna mtandao. Kaa unywe chai."

Ng'ambo ya kichochoro, mwanamke mmoja mnene wa kilemba cheupe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya rundo la viazi. Vikubwa alivitupa kulia, vidogo kushoto, vilivyooza aliwatupia kuku. Alikuwa amekwisha kumwona Jipara tangu gari lilipoingia. Hata hakujifanya vinginevyo.

"Wewe ndiye wa bima?"

"Ndiye mimi, mama. Hujambo?"

"Unamlipa au humlipi?"

"Bado natazama."

"Mwanamke na kazi ya kunusanusa magari ya watu! Mume wako anasemaje?"

"Alisema, akamaliza, akaenda zake."

Mwanamke alicheka mpaka ndoo ikalia chini yake. "Mimi ni Tursun. Wangu hakusema kitu, alikufa tu. Kaa hapo, kuna gunia."

Jipara akakaa kwenye gunia. Akaokota kiazi, akakipima kwa jicho, akakitupa kulia.

"Hicho kidogo, hicho," alisema Mama Tursun. "Kushoto."

Akakihamisha. "Hii ajali ya Taalai uliisikia, mama?"

"Kusikia? Niliila."

"Uliila vipi?"

"Saikal, mama yake, si aliniletea mkate? Mikate saba ya shukrani, nyumba saba, na mimi ndiye nyumba ya kwanza. Hata angekuwa na nyumba moja tu ya kupeleka, angeleta kwangu. Tumezaa wakati mmoja."

"Jana hiyo? Jumatatu?"

"Jumatatu gani? Alhamisi!"

Jipara aliokota kiazi kingine. Kilikuwa na tundu la mdudu, akawatupia kuku. Leo ilikuwa Jumanne. Tangu Jumapili ile waliyoisema haikuwa imepita Alhamisi hata moja. Alhamisi iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa mkesha wa bima.

Lakini Alhamisi ina mambo yake, na alikuwa ameshawahi kuaibika kwa haraka.

"Alhamisi kila mtu anakaanga, mama," alisema polepole. "Hata mama yangu mimi, ghorofa ya tano huko mjini, Alhamisi lazima achemshe mafuta harufu iwafikie marehemu. Labda Saikal naye alikuwa anawakumbuka wafu wake."

Mama Tursun aliweka viazi chini. "Unanifundisha mimi? Ya marehemu unakaanga kwako, unasoma kwako. Wafu wa Saikal wanajua kwao, hawaji kula kwangu. Na mimi nilikuwa nakaanga ya mume wangu, ndiyo kwanza mafuta yameshika, huyo Saikal kaingia analia na kucheka kwa pamoja. Anasema, 'Tursun we, mwanangu kagonga farasi, gari limekwisha, yeye mzima.' Nikamkumbatia. Tukakumbatiana mpaka maandazi yangu yakawa makaa. Mwaka mzima sijaunguza! Na marehemu alivyokuwa anachagua chakula. Wiki hiyo kala moshi mtupu."

"Pole yake."

"Alinizoea."

Upepo ukaleta harufu ya samadi iliyokaushwa ikiungua kwenye majiko. Mama Tursun aliokota kiazi, akakishika bila kukitupa popote. Uso wake ulibadilika taratibu.

"Mbona umenyamaza? Nimesema nini mimi?"

"Umesema Alhamisi, mama."

"Na ilitakiwa niseme lini?"

Jipara aliinuka. "Hakuna siku iliyotakiwa. Asante kwa gunia."

"Wewe binti!" Mama Tursun aliita nyuma yake. "Yule ni kijana mzuri! Umenisikia? Alinichimbia viazi hivi!"

Jipara alisikia. Akavuka kichochoro.

Ndani, Mama Saikal alikuwa ameshatandika kitambaa juu ya meza fupi: siagi, jamu ya matunda ya porini, sukari ya mawe, na katikati mikate mikubwa ya duara iliyotoka kuokwa, mmoja juu ya mwingine. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea kama mtu anayechelea kuamsha mtoto. Alimkalisha Jipara mbali kabisa na mlango, mahali pa mgeni. Erkin alikuwa ameshakunja miguu na kushika bakuli la chai. Taalai aliketi mkabala.

"Umepata mtandao?" Erkin aliuliza.

"Nimeupata." Jipara akapokea chai kwa mikono miwili. "Taalai, farasi ulimgonga lini?"

"Nimeshasema, dada. Juzi. Jumapili."

"Mama Saikal, mikate saba uliigawa lini?"

Chai aliyokuwa akimmiminia mwanawe ilijaa, ikafurika, ikatiririka juu ya kitambaa. Hakuna aliyeipangusa.

"Mikate tena?" Erkin alisema. "Dada, siku hizi bima inakagua magari au majiko?"

"Siku hizi vyote viwili. Mama?"

"Umetoka kwa Mama Tursun," alisema Taalai. "Yule ni mtu mzima, anachanganya siku."

"Alikuwa anamkaangia mumewe. Siku hiyo hawezi kuichanganya, na wewe unajua."

Mama Saikal alikuwa ameiweka birika chini. Macho yake yalikwenda kwa mwanawe, yakarudi. "Alhamisi," alisema. "Kweli. Niliota ndoto mbaya, mwanangu. Mtu akiota vibaya si anatoa sadaka? Nikatoa."

Lilikuwa jibu zuri. Watu hutoa mikate saba kwa ajili ya ndoto pia, na hakuna mpelelezi awezaye kuikagua ndoto ya mtu.

"Ulimtajia Mama Tursun farasi."

"Nilimwota farasi."

"Na gari limekwisha."

"Nililiona ndotoni."

"Haya sasa!" Erkin alipiga goti lake kwa kiganja. "Alhamisi kaota, Jumapili imetokea. Mama zetu hawa wanaona mbele, tunawadharau bure. Andika hivyo, dada Jipara, twende."

"Ndoto siwezi kuiandika."

"Basi aape." Erkin alisema kwa wepesi, kama mtu anayeomba chumvi. "Mama, shika mkate, sema mkate unipige kama nasema uongo. Dada amelelewa vizuri, baada ya hapo hatakuwa na swali. Na mwanao atabaki nyumbani."

Watu wa pale huapa kwa vitu vingi, na vingi hupita na upepo. Kwa mkate hawaapi ovyo. Mkate haupinduliwi kifudifudi mezani, chembe yake haikanyagwi. Anayeuapia uongo, wanasema, utamgeuka yeye na watoto wake.

Kampuni haikuwa inapokea viapo. Jipara angeweza kusema hivyo, na ilikuwa kweli. Badala yake aliweka bakuli lake chini, akangoja.

Mama Saikal alijifuta mikono kwenye aproni. Mara moja. Mara ya pili. Akauvuta mkate wa juu, akauweka mbele yake, akalaza kiganja juu yake. Vidole vilikuwa na mafuta, vimepinda kwa miaka ya kukamua. Hakumtazama mtu.

"Mkate huu," alisema, "mkate huu uni..."

"Mama, toa mkono."

Mkono haukuondoka.

"Toa mkono, mama." Taalai alikuwa amekwisha kupiga magoti, ameinama juu ya meza, ameushika mkono wa mama yake kwa kifundo na kuuinua kama anayemwondolea mtu kitu cha moto. "Ilikuwa Jumatano. Jumatano jioni. Basi."

"Taalai," alisema Erkin, "umechoka wewe, hujalala."

"Nyamaza. Mama yangu aulaani ukoo wake ili wewe upate fungu lako?"

"Fungu gani? Unamsikia, dada? Mtu kachanganyikiwa."

"Namsikia," alisema Jipara. "Endelea, Taalai."

Alisema akiwa bado amepiga magoti, bado ameushika mkono ule. Jumatano alimgonga farasi. Alhamisi, mama yake akiwa anapeleka mikate, alimpigia Erkin kuuliza kama bima inaweza kukatwa sasa. Erkin akaja mwenyewe jioni, akaliona gari bandani, akacheka, akasema gari lililokufa linakatiwa bima vizuri kama lina pacha. Pacha alikuwapo: Fit ya binamu yake Taalai, rangi ileile, inabeba watu palepale sokoni. Wakakinyoosha kibao kwa nyundo, Ijumaa wakakifunga kwenye gari la binamu, Erkin akapiga picha, kibao kikarudi hapa. Malipo yakitoka, wangegawana.

"Kwa hiyo kwenye picha yote ile," alisema Jipara, "chako ni kibao tu."

"Kibao tu."

"Neno lake na langu," alisema Erkin. Alikuwa anatabasamu bado, lakini meno hayakuonekana. "Mtu anayekiri kuiba anataka kuzama na mwenzake. Mna nini kingine?"

"Fit ya binamu. Kila gari lina mikwaruzo yake, na picha uliyoipiga inavutika sana, Erkin. Tutakwenda sokoni kuilinganisha. Wewe utakuwapo." Jipara alimgeukia Taalai. "Kampuni haitalipa."

"Najua."

"Haya uliyoyasema hapa, utayasema mbele ya meneja?"

"Nitayasema."

"Nitaomba wasikupeleke polisi. Kuomba ni kwangu, kukubali ni kwao. Siahidi."

Taalai aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameachia mkono wa mama yake, na mkono huo ulikuwa umelala juu ya kitambaa kilicholowa chai.

"Kwa hiyo ataondoka," alisema Mama Saikal.

Alimwambia Jipara, si mwanawe. Nje ng'ombe aliita, anataka kukamuliwa. Hakuna aliyeinuka.

Mama Saikal akauchukua mkate ule. Akaumega kwa mikono yote miwili, na mvuke ukatoka. Kipande kikubwa akampa Taalai. Cha pili akampa Jipara.

"Kuleni," alisema. "Juu ya huu hakuna aliyeapa."

Taalai alikula ameinamisha kichwa. Jipara akala pia, taratibu, huku akimtazama wakala.

Cha tatu Mama Saikal alimnyooshea Erkin, aliyekuwa ametaka aape. Erkin alishika bakuli lake la chai, akaliweka, akalishika tena. Mkono wa mama ulibaki umenyooka juu ya meza, na kipande kikaanza kupoa.